Kurekodi spidi ya kuchoronga: sensa ya winchi, ya puli au waya wa zamani?

mdau_rigi: Wakuu naombeni ulinganisho. Tunataka spidi ya kuchoronga kisima cha mafuta ijirekodi yenyewe, dakika ngapi kwa kila mita. Kuna sensa inayohesabu mizunguko ya dramu la winchi, kuna ya kufunga kwenye puli ya juu ya mnara, na kuna jiolografu, ile ya waya mwembamba na kalamu inachora kwenye karatasi. Mngechukua ipi?

keekee17: Ya dramu, bila kusita. Iko chini unaifikia muda wowote na inashika hata sentimita chache. Ila jua waya ukijipanga safu juu ya safu mzunguko mmoja unatoa waya mwingi kuliko safu ya chini, kwa hiyo lazima kila safu uiingize kwenye programu, na idadi ya nyaya zinazobeba bloku (puli kubwa inayopanda na kushuka mnarani na mabomba) pia, mkibadilisha kutoka 8 kwenda 10 na programu haijui basi kina chote kinapotea.

Loga wa Tope: Puli haina shida ya safu, ila ikiharibika mtu apande mnarani, na mzigo ukiwa mwepesi waya unaweza kuteleza juu ya puli bila kuizungusha. Jiolografu niiheshimu, inapima mwendo wenyewe moja kwa moja, lakini hiyo karatasi hauipeleki kwenye kompyuta.

Na jamani msisahau sensa ya mzigo wa ndoano, yaani uzito unaoning'inia kwenye bloku! Bila hiyo mashine haijui kama mabomba yameshikwa na slipu (kabari za mezani) au keekee, kile kichwa cha kuchoronga, iko chini inakula mwamba, itahesabu bloku ikishuka tupu kama mmechoronga.

mdau_rigi: Kumbe. Na usahihi wa spidi una uzito kiasi hicho?

Loga wa Tope: Sana mkuu. Keekee ikitoka kwenye shale (mwamba wa udongo ulioshikamana) ikaingia mchanga wenye vitundu spidi inaruka ghafla, hapo mnasimamisha pampu mnaangalia kama kisima kinatoa tope chenyewe. Hata d-eksponenti, fomula ya Jorden na Shirley ya 1966 ya kunusa presha isiyo ya kawaida inaanzia kwenye spidi hiyohiyo, pamoja na mzigo, mizunguko na kipenyo cha keekee.

keekee17: Mkiwa kwenye rigi inayoelea ongezeni sensa ya mawimbi, la sivyo chati itakuwa inapanda na kushuka na bahari.

mdau_rigi: Sisi nchi kavu. Tukikata waya wa winchi tunapima upya?

keekee17: Kila mara. Shusheni bloku safu kwa safu mkipima kwa tepu, halafu kila bomba linaloingia mlinganishe na orodha ya urefu wa mabomba.