Mint Xfce au Cinnamon kwa kompyuta za steshenari? (Tanga)

MtuWaChumbageni: Wakuu, salamu. Kuna kompyuta nne za mtumba zinalipiwa Jumamosi kwa ajili ya steshenari ya Ngamiani. Windows 10 imefikia mwisho wa msaada wa kawaida wa Microsoft tangu 14 Oktoba 2025, kwa hiyo ni Linux Mint, mfumo endeshi wa bure. Deskitopu yake (mwonekano na menyu) iwe Xfce au Cinnamon? Na programu ya ofisi ya kushika nafasi ya Word, LibreOffice au OnlyOffice?

Fundi_Barabara8: Prosesa? RAM? Diski ya kuzunguka au SSD (isiyozunguka, yenye kasi)? Printa ipi? Tusipigishane ramli.

MtuWaChumbageni: Core 2 Duo, RAM 4 GB, diski za kuzunguka. Printa HP LaserJet P1102.

Fundi_Barabara8: Xfce. Ila tofauti ya Xfce na Cinnamon ni ndogo ukilinganisha na tabo kumi za Firefox. Pesa iliyobaki weka kwenye SSD. Kisha weka zram, inayobana data ndani ya RAM ili nafasi itoshe: `sudo apt install zram-tools`, fungua `/etc/default/zramswap`, andika `ALGO=zstd` na `PERCENT=50`, halafu `sudo systemctl restart zramswap`. Na soma kibandiko vizuri: Core Duo isiyo na "2" ni ya biti 32, Mint ya sasa haiingii.

Kijana_Makorora: Mnaisahau deskitopu ya KDE Plasma. Siku hizi si nzito kama mnavyoisema.

Fundi_Barabara8: Mint iliacha toleo la KDE baada ya 18.3, mdogo wangu. Kaulize Kubuntu, Linux nyingine inayokuja nayo.

DadaSteshenari: Hapo kwenye deskitopu mnapoteza muda, balaa liko kwenye fonti. Kuna duka moja mjini lilipokea CV ya mteja iliyoandikwa kwa Calibri. Mashine haikuwa na Calibri wala mbadala wake, LibreOffice ikachukua fonti nyingine iliyo pana zaidi. Mistari ikafurika, jedwali likavunjika, wadhamini wakahamia ukurasa wa pili peke yao. Kijana wa kaunta akapunguza saizi hadi ikakaa, akasevu juu ya faili lilelile la kwenye flashi! Mteja alipofungua kwenye Word kwao, herufi kama za maelezo ya dawa. Dawa yake: `sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea`. Carlito ina upana sawa na Calibri, Caladea sawa na Cambria. Times New Roman na Arial zinabebwa na Liberation. Na kazi ya kuprinti tu, omba PDF.

Kijana_Makorora: OnlyOffice inapanga docx (faili za Word) vizuri kuliko LibreOffice.

DadaSteshenari: Mara nyingi ndiyo, ila bila fonti nayo itayumba vilevile, na kwa RAM 4 inakula zaidi.

Fundi_Barabara8: Printa ya P1102 inataka `hp-plugin` baada ya hplip (programu ya kuendesha printa za HP), tena uwe na intaneti. Hplip ikipanda toleo, rudia. La sivyo kazi zinapanga foleni na karatasi haitoki.

MtuWaChumbageni: Na virusi vya flashi za wateja?

DadaSteshenari: Vile vya shotikati, vinavyoficha folda na kuweka njia za mkato za uongo, havifanyi kazi kwenye Linux, na folda vilizozificha unaziona wazi. Ila flashi inabaki navyo, vikamuumize mwingine.

Kijana_Makorora: Basi si kazi yetu.

DadaSteshenari: Ni yako, kaka, akirudi kulalamika. Futa `.lnk` (faili za shotikati) zote. Na usichomoe kabla ya kubofya Eject: upau wa kunakili ukijaa, data huwa bado iko kwenye RAM, faili linafika nusu.

Kijana_Makorora: Amri ya `sync`, inayomalizia kuandika data kwenye flashi, inatosha.

Fundi_Barabara8: Kwako. Kijana wa kaunta hafungui tamino (dirisha la kuandikia amri).