Naomba ushauri: niache Biashara nihamie shahada ya filamu?

Mkaazi wa Kahawa
Hamjambo, wanajukwaa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi, ninasomea Biashara, na kwa miezi kadhaa sasa silali vizuri. Chuoni kwetu kuna shahada ya filamu isiyofungwa katika idara moja: mwanafunzi huchukua yuniti za fasihi, historia, sosholojia, muziki na sheria ya hakimiliki, kisha akazichanganya na uandishi wa skripti, upigaji picha na uhariri. Mimi naona hiyo ndiyo njia sahihi, kwa sababu siamini kwamba mtu anaweza kutengeneza filamu ya maana kuhusu mtaa wa mabanda wa Mathare ikiwa hajui Mathare ilitokana na nini. Jamaa zangu wanasema huko ni kuonja kila sufuria na kulala njaa. Sijafanya uamuzi wowote bado. Je, nihame, au nimalize kwanza Biashara?

Mwalimu Mstaafu
Mwanangu, usiwasikilize wanaodharau mchanganyiko wa taaluma. Ousmane Sembène wa Senegali alikuwa mpakiaji mizigo katika bandari ya Marseille, akawa mwandishi wa riwaya, na alipotambua kwamba wengi wa watu wake hawangeweza kusoma Kifaransa alichoandikia, akaenda Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1960 kujifunza filamu, akiwa anakaribia umri wa miaka arobaini. Sergei Eisenstein naye alikuwa amesomea uhandisi kabla ya kuwa mwongozaji. Mimi mwenyewe niliwahi kupeleka wanafunzi kwenye tamasha la michezo ya kuigiza, na mapambo yetu ya jukwaani, yaliyofungwa juu ya basi, yakanyeshewa njia nzima hadi yakawa uji. Tuliigiza mbele ya pazia tupu, na mwamuzi akatusifu kwa kile alichokiita usahili wa makusudi. Hatukumsahihisha.

Fundi wa Sauti
Ndugu, katika maelezo yako yote umetaja picha, uhariri, hata sheria, lakini hukutaja sauti. Hilo ndilo kosa la wanafunzi wote ninaofanya nao kazi. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, lakini mazungumzo yakimezwa na honi za matatu anaondoka. Kabla ya kufikiria shahada, jifunze kurekodi ukimya wa chumba kwa nusu dakika, watu wote wakiwa wametulia, ili mhariri apate cha kuzibia nyufa kati ya maneno. Hapa Nairobi hiyo nusu dakika ni ngumu kuipata kuliko nafasi ya chuo.

Mama Wawili
Kijana wangu, mimi nina swali moja tu. Ni nani anayelipa karo yako?

Mkaazi wa Kahawa
Asante sana, Mwalimu. Fundi, nimeyapokea. Mama, suala la karo limeshughulikiwa, kwa hivyo ningependa turudi kwenye swali la ubora wa shahada yenyewe.

Mama Wawili
Limeshughulikiwa na nani? Nina mtoto chuoni, na ninajua kwamba karo haishughulikiwi, hulipwa. Je, umesajiliwa muhula huu?

Mkaazi wa Kahawa
Sijasajiliwa. Kwa kuwa mmenishurutisha, nitaeleza. Mama yangu huuza nguo za mitumba katika soko la Gikomba, na mwezi wa kwanza alikopa kutoka kwa chama chake cha akiba, akanitumia shilingi 64,000 za karo. Wiki hiyo hiyo nilipata kamera iliyotumika, pamoja na lenzi mbili, kwa bei ambayo nisingeipata tena, nikainunua. Naomba msiniite mwizi. Anayeomba kuhamia shahada hii hutakiwa kuwasilisha kazi aliyokwisha kuitengeneza, na kazi haitengenezwi kwa maneno matupu. Tena, mwongozaji wetu wa filamu Wanuri Kahiu alisomea mambo ya usimamizi, akahamia filamu, na leo anajulikana duniani. Tofauti yetu ni kwamba mimi nimetambua mapema.

Wakili wa Jioni
Mdogo wangu, umemtumia Kahiu vibaya. Alisomea sayansi ya usimamizi katika Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, akaimaliza mwaka 2001, ndipo akaenda Los Angeles kwa shahada ya uzamili ya uongozaji filamu. Hakuikatiza njiani. Ukitaka somo kutoka kwake, chukua hili: mwaka 2018 filamu yake ya Rafiki ilikuwa ya kwanza kutoka Kenya kuteuliwa katika orodha rasmi ya tamasha la Cannes, na mwaka huo huo ilipigwa marufuku hapa nyumbani, hata ikabidi Mahakama Kuu iamue kabla ya kuonyeshwa kwa siku saba. Ndiyo sababu ninaiheshimu shahada inayomfundisha mwongozaji kidogo cha sheria. Sura ya 222 ya sheria zetu inahusu filamu na michezo ya jukwaani, inataka leseni, na nimewaona vijana wakiijua kwa mara ya kwanza wakati askari wa kaunti anapowazuia barabarani wakiwa na kamera. Kwa hiyo shahada ni nzuri. Namna ulivyoiendea ndiyo mbaya.

Mhubiri wa South B
Waheshimu baba yako na mama yako. Sina la kuongeza.

Jicho la Tatu
Nawaomba mtulie kidogo, ndugu zangu. Ujumbe wa kwanza ulisema hajafanya uamuzi wowote, ilhali kamera ilikwisha kununuliwa. Hiyo peke yake ningeisamehe. Lakini tazameni mpangilio: mama wa Gikomba, mkopo wa chama, kamera ya mkono wa pili inayopatikana wiki ile ile pesa zinapoingia, na siri inayofichuliwa katikati hasa ya uzi baada ya mama mwingine kuuliza mara mbili. Maisha hayajipangi hivi. Mimi naamini tunasoma zoezi la darasa la skripti, na kwamba majibu yetu yatawasilishwa kwa mhadhiri Ijumaa.

Fundi wa Sauti
Kama ni skripti, ninataka jina langu mwishoni.

Mwalimu Mstaafu
Mimi nimesahihisha insha za aina hii kwa miaka thelathini, na katika hii sikuona dosari. Sijui kama hilo ni la kunitia wasiwasi.

Mkaazi wa Kahawa
Si zoezi. Nitakiri kwamba ninaingia katika darasa la skripti bila kusajiliwa, naketi nyuma, na mhadhiri hajanifukuza. Ni kweli pia kwamba nimeanza kuandika hadithi ya kijana aliyenunua kamera. Lakini kuiandika hakuifanyi kuwa ya uongo.

Mama Wawili
Iwe ya kweli au ya kubuni, ina pengo kubwa. Katika maelezo yako yote mama hajasema neno hata moja. Umempa kibanda, umempa deni, ukamnyima mdomo. Yeye anasemaje?

Mkaazi wa Kahawa
Hunipigia simu kila Jumapili jioni akishafunga hesabu za wiki. Huniuliza mitihani itaanza lini. Nimemjibu mwezi wa nne.

Wakili wa Jioni
Basi kesho asubuhi nenda katika ofisi ya msajili, uulize kama bado unaweza kuahirisha masomo kwa maandishi badala ya kupotea tu. Kuahirisha kunakuwekea nafasi, kupotea hakukuwekei. Ombi la kuhama litafuata baadaye, na huenda zile yuniti za Biashara ulizofaulu zikahesabiwa, kwa kuwa kila filamu ina bajeti na mtu wa kuisimamia. Kisha panda matatu uende Gikomba ukazungumze naye ana kwa ana.

Mkaazi wa Kahawa
Na kamera je?

Jicho la Tatu
Bado nina shaka zangu. Lakini iwapo kamera hiyo ipo, niandikie faraghani uniambie ni ya aina gani, kama ina betri ya pili, na bei ya mwisho unayoweza kukubali.