Yule muuza spea wa chini ya mwarobaini ameniharibia baiskeli ya marehemu baba, halafu ananiambia nirudi kwenye CHAKI

Mwalimu wa Zamu:
Wakuu, naandika huku mikono bado ina grisi. Jina silitaji. Wote wa hapa Tabora mnamjua: yule mwenye redio inayosikika mpaka stesheni na kofia ambayo haijavuliwa tangu tupate uhuru.

"Mwalimu, hii kazi haina chaki." Ndivyo alivyoniambia. Mbele ya watu. Mbele ya vijana wangu wawili wa kidato cha pili waliokuja kujaza upepo.

Baiskeli ni Raleigh ya baba. Nimeifumua mwenyewe uani, nimesugua kutu mwezi mzima, nimepaka rangi. Kilichobaki ni vikombe vya gololi pale kwenye kranki, panapozungukia pedali. Nikanunua kwake, akasema "hivi vinaingia zote". Nafika nyumbani, kikombe kinazunguka mara mbili, kinagoma. Nikakitoa, nikasafisha hesi, ile mistari ya kukazia, kwa mswaki na mafuta ya taa, nikarudia. Mara mbili, kinagoma. SIKUFOSI, wakuu. Nikabeba fremu begani mpaka kwake, jua la saa saba.

Yeye akachukua spana, akachomeka bomba refu kama nguzo ya umeme, akaning'inia. Fremu ikalia kama mbuzi wa Idi. Chenga za chuma zikaanza kudondoka juu ya kiatu changu, nyembamba, zimejikunja, zinang'aa. Nikamwambia kaka, acha, hesi zinakatika! Ndipo akageuka, akapunguza redio. Alipunguza REDIO, ili kila mtu asikie vizuri. "Mwalimu, hii kazi haina chaki."

Wale vijana wakacheka mpaka wakakaa chini. Kesho saa mbili nina kipindi chao.

Kijiti cha Mwisho:
Fremu imelia, wewe umelia, ngoma droo 😂

Mama Wawili:
Ila mwalimu, chaki kweli haikuhitajika hapo.

Gololi Sita:
Pole sana mkuu. Raleigh za Nottingham zilikuwa na hesi zao wenyewe, meno 26 kwa inchi. Vikombe vingi vya madukani vina 24, kipimo cha kampuni ya BSA. Unene unakaribiana mno, ndiyo maana kinakubali kuanza halafu kinakwama. Hapo hata uning'inie na trekta. Chukua kikombe cha zamani, weka rula, hesabu meno ndani ya nusu inchi. Yakiwa 13 ni ya Raleigh, 12 ni ya kawaida. Kama cha zamani hakijaliwa sana, kirudishe hichohicho, ubadilishe gololi tu.

Mwalimu wa Zamu:
Vya zamani anavyo yeye! Alisema ni chuma chakavu, akavitupa kwenye ndoo yake huku naangalia. Kisha ndiyo akapunguza redio.

Kijiti cha Mwisho:
BSA si wale wa bunduki?

Gololi Sita:
Haohao. Birmingham, 1861, mafundi bunduki waliungana, baiskeli zikaja baadaye. Alama yao ni bunduki tatu zimeegemeana.

Kijiti cha Mwisho:
Basi mwalimu ana bahati, angeambiwa hii kazi haina risasi.

Mwana Nzega:
Nyie mnalia vikombe. Mimi huyohuyo kaniuzia tairi 28, ringi yangu 28, haiingii! Nimevunja vijiko viwili vya mke wangu nikiichokonoa.

Gololi Sita:
28 ziko zaidi ya moja. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi. Ringi ya baiskeli kubwa za mizigo huwa 635, yaani kipenyo kwa milimita, wewe umepewa 622. Milimita 13 hizo, huzipati kwa kijiko.

Mama Wawili:
Vijiko vya mwenzio! Mume akivunja vijiko vya mchele, mke amfanyeje?

Mwana Nzega:
Nalala sebuleni siku ya tatu leo.

Bibi Cherehani:
Afadhali nyie wanaume mna pa kuning'inia. Mimi niliuziwa kibweta cha bobini cha cherehani, "kinaingia zote". Uzi unakusanyika chini kama kiota cha ndege. Gauni la harusi, Jumamosi, bibi harusi amekaa kwenye kigoda ananitazama. Nilipokirudisha nikaambiwa nina mkono mzito.

Mama Wawili:
Mkono mzito!! Ni yupi huyo, yule wa sokoni mwenye jino la dhahabu?

Bibi Cherehani:
Simtaji. Lakini ndiye.

Kijiti cha Mwisho:
Huyo aliniuzia pasi ikapiga shoti nyumba tatu.

Mwalimu wa Zamu:
Jamani, tumetoka kwenye mada. Fremu ya baba yangu imekatwa hesi, hela hajarudisha, vikombe viko kwenye ndoo yake. Na ALIPUNGUZA REDIO.

Mwana Nzega:
Wakuu, mwenye tairi ya 635 anauza shilingi ngapi? Nataka kurudi chumbani.

Bibi Cherehani:
Anza kwa kununua vijiko.