Historia ya usharika wetu wa Mennonite: tuanzie wapi?

Mwanarungwe: Wakuu, tunaandika historia ya usharika mdogo wa KMT (Kanisa la Mennonite Tanzania) huku Rungwe. Tuna daftari la ubatizo lililoota ukungu na wazee wachache. Miaka inagongana. Tushike lipi?

Katibu_Tukuyu: Daftari kwanza, ndugu. Lianikeni kivulini penye upepo. Juani wino hupauka. Ukungu ukishakauka, ufuteni nje kwa brashi laini. Toeni pini zenye kutu, kisha pigeni picha kila ukurasa, hata mtupu. Msilaminishe kamwe, karatasi haitoki tena.

Dada Neema: Angalieni pia: Wamennonite hubatiza anayekiri imani mwenyewe, si mtoto mchanga. Mwaka wa ubatizo si wa kuzaliwa! Kosa hili huharibu ukoo mzima.

Mzee wa Kyela: Wazee msiwaulize “mwaka gani?” Ulizeni: wakati wa Vita vya Kagera, 1978, mlikuwa mkisali wapi? Paa lilikuwa nyasi au bati? Majibu yalinganisheni na daftari la sadaka. Mwanzo wa KMT wenyewe ni Shirati, Mara, 1934. Zedekia Kisare akawa askofu wa kwanza Mwafrika 1967. Msiuchanganye na mwanzo wa usharika wenu.