Ulinganisho: shule ya Jumapili, kadi ya mstari au semina ya wazazi? (Kigoma)

MamaPacha_Mwanga
Bwana asifiwe wapendwa. Niko kamati ya watoto usharikani, hapa Kigoma mjini. Wazee wa kanisa wametuambia tuchague jambo moja la mwaka huu la kuwasaidia watoto walijue Neno, maana hela ni ya jambo moja tu. Yako matatu: kuongeza walimu na vitabu vya shule ya Jumapili, kadi yenye mstari ambayo mtoto anarudi nayo nyumbani, mzazi anamsikiliza wiki nzima, au semina ya siku mbili ya kuwafundisha wazazi kuongoza sala nyumbani. Mimi naegemea la kwanza. Wazazi tumechoka jamani, tukitoka sokoni ni usiku. Waliojaribu semeni.

MwalimuWaWadogo
Dada, hilo la kwanza ndilo nalolifanya miaka kumi na moja. Tuna saa moja kwa wiki. Toa nyimbo, toa sadaka, toa kuwabembeleza wanaolilia mama zao, unabaki na dakika ishirini. Watoto hamsini chini ya mwembe, wa miaka minne na wa kumi na mbili pamoja. Wanatoka wanajua Daudi alimpiga Goliathi. Waulize Daudi alikuwa mtoto wa nani, kimya. Ukiniongezea walimu wawili nitashukuru, ila dakika zitabaki ishirini. Tena Kumbukumbu la Torati 6:7 inamwambia mzazi awafundishe watoto aketipo nyumbani na atembeapo njiani. Mimi sikutajwa pale. Kadi.

BabaNeema
Kadi zinazalisha kasuku. Wangu alipewa daftari la zawadi kwa kukariri mistari ishirini. Nikamuuliza, "Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu" maana yake nini? Akanijibu, "Sitakonda."

MwalimuWaWadogo
😂😂 Sasa kaka, hukumweleza?

BabaNeema
Nilimweleza. Ndiyo nimeelewa hoja yako, usinisukume.

Mvuvi_Kibirizi
Mnaongea habari za sala ya jioni kana kwamba Kigoma nzima inalala saa tatu. Baba wa huku jioni anaandaa taa, anaingia ziwani na kipe, chombo cha kuvulia dagaa, akirudi watoto wako shule. Hiyo semina mtamfundisha aongoze sala saa ngapi?

Lakini kuna mbalamwezi. Mwezi ukijaa dagaa hawafuati taa, hatuingii, tuko nyumbani siku kadhaa kila mwezi. Sijawahi kuona kanisa linalopanga mambo ya wazazi kwa kufuata mwezi. Semina zote zinaangukia giza, halafu mchungaji analalamika akina baba hawaji.

Ziwa lilipofungwa miezi mitatu mwaka 2024, nilikaa tu. Nikaanza Marko na wanangu, sura moja kila jioni, ziko 16. Tulipofika ya nne, Yesu amelala chomboni na dhoruba inapiga, binti yangu akauliza, "Baba, shetri ni nini?" Mwalimu wake alishawaambia ni aina ya kitanda. Asubuhi nikampeleka mwaloni, nikampandisha mtumbwini, nikamkalisha kule nyuma. Akatazama maji muda mrefu. Akauliza kama na mimi huwa nalala hapo upepo ukija. Tuliongea siku ile mambo ambayo sikujua yako kichwani mwake.

Sikwenda semina yoyote. Ila kama kanisa lingeniambia mapema, "anza na Marko, sura moja", ningeanza miaka mitano nyuma.

MwalimuWaWadogo
Aina ya kitanda... naomba msamaha kwa niaba ya walimu wote.

Mnyanyembe
Mwangaluka kutoka Tabora. Semina tulifanya. Akina mama walijaa, akina baba saba, na wanne kati yao ni wazee wa kanisa. Mkufunzi akasema kila nyumba isome nusu saa. Mama mmoja akanyoosha mkono: "Mimi sijui kusoma." Akajibiwa ajiunge na kisomo cha watu wazima. Siku ya pili hakurudi, na hakuwa peke yake.

Baadaye tukahamia kadi, lakini nyuma yake tukaandika maswali: ni nani yumo humu? Alifanya nini? Mungu alifanya nini? Mtoto anasoma, mama anauliza. Yule mama ndiye anayeuliza vizuri kuliko wenye diploma. Na hadithi yenyewe anaisimulia kwa Kinyamwezi, watoto wanacheka wanakaa.

Jumuiya_Gungu
Tumsifu Yesu Kristo. Sisi Wakatoliki hatukununua kitu. Injili ya Jumapili inayokuja inasomwa jumuiyani na mtoto, kwa zamu za nyumba, na mzazi wake anamwandaa wiki nzima. Zamani watoto walikuwa wanachezea viatu mlangoni. Tatizo ni nyumba zenye aibu, zikifikiwa na zamu zinapata safari ghafla.

MamaPacha_Mwanga
Milele amina. Mmenigeuza. Lakini kadi ni gharama kila wiki, tuna watoto 140.

MwalimuWaWadogo
Usigawe kwa mtoto, gawa kwa nyumba. Watoto 140 ni nyumba kama 60. Karatasi moja ya A4 inakatwa kadi nane, kwa hiyo karatasi nane kwa wiki. Rimu moja ina 500, mwaka mzima unakula 416. Hela inayobaki nunueni Biblia kwa nyumba zisizo nazo.

Mvuvi_Kibirizi
Na kadi za wiki ya mbalamwezi ziwe na hadithi ndefu, tupo.

MamaPacha_Mwanga
Napeleka hii kwa wazee Jumatano. Mvuvi, nitumie inbox tarehe za mwezi kujaa mpaka Desemba, maana hapo kwenye kamati hakuna hata mmoja anayezijua.