Hivi hataza ni za wavumbuzi au za wanasheria?

Wakuu, nina hasira na leo sizifichi. Mimi na wenzangu tunatengeneza programu ndogo ya kusimba barua pepe (kuzifumba zisisomwe na wasiohusika), na wanasheria wa kampuni ambayo sitaitaja wametuandikia kwamba tunakanyaga hataza yao, yaani haki ya kufaidi uvumbuzi peke yao kwa muda. Kipengele gani cha programu? Hawasemi. Dai namba ngapi la hataza, yaani kifungu kipi kinachotaja wanachomiliki? Kimya. Kilichoandikwa vizuri ni kiasi cha pesa na siku ya mwisho ya kulipa.

Nikaitafuta hataza yenyewe nikaisoma. Ukiondoa mapambo, madai yao ni haya: njia inayotekelezwa na kompyuta, inayojumuisha kupokea ujumbe wa kielektroniki, kulinganisha kitambulisho cha mtumaji na orodha iliyohifadhiwa kwenye kumbukumbu, kisha kuuelekeza ujumbe huo kwenye hifadhi kulingana na matokeo ya ulinganisho. Yaani barua ikifika, tazama imetoka kwa nani, itie kwenye jalada lake! Karani wa masijala alifanya hivyo maisha yake yote na hakuna aliyemwita mvumbuzi. Tia neno "kompyuta" mbele, basi, ushakuwa nayo miaka 20.

Mapatano ya hataza ni mepesi. Unaeleza hadharani kitu chako kinavyofanya kazi, kwa undani wa kumwezesha fundi mwenzako kukitengeneza. Jamii nayo inakuachia ukifaidi peke yako kwa muda, na mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani unataka muda huo usipungue miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi. Ukiisha, kitu ni cha wote. Sina ugomvi na hapo. Ugomvi wangu ni na wanaopokea chao halafu wakaruka deni.

Msiniambie ni mimi tu. Marekani kulikuwa na kampuni iitwayo MPHJ iliyoshika hataza za kuskani karatasi na kuituma moja kwa moja kwa barua pepe. Kazi ya kila ofisi hiyo, jamani! Wakasambaza barua kwa biashara ndogo zaidi ya 16,000, wakidai kama dola 1,000 kwa kila mfanyakazi, na vitisho vya kwenda mahakamani juu. Tume ya Biashara ya nchi ile iliwabana mwaka 2014, ikasema vile vitisho vilikuwa vya uongo: hawakuwa wamejiandaa kumshtaki mtu. Na kabla yao kulikuwa na kampuni ya NTP, iliyoshika hataza tu, isiyouza simu wala huduma ya barua pepe. Machi 2006 ilikamua dola milioni 612.5 kutoka kwa watengenezaji wa simu za BlackBerry, wakati ofisi ileile iliyotoa hataza hizo ilikuwa imeshaanza kuzikataa katika ukaguzi upya. Walilipa kwa sababu walihofia mahakama kuizima huduma yao. Mwenye haki na mwenye subira si lazima wawe mtu mmoja.

Najua kuna atakayekuja na "bila hataza hakuna uvumbuzi". Sawa, tuzungumzie uvumbuzi wa kweli. Rivest, Shamir na Adleman walibuni RSA mwaka 1977, njia ya kusimba ambayo faragha ya mtandaoni iliegemea kwa miongo. Wakapata hataza Marekani mwaka 1983. Ilisumbua, sikatai: mwanaprogramu Zimmermann alipotoa programu ya PGP mwaka 1991 ili mtu wa kawaida asimbe barua pepe zake, hataza hiyo ilimkalia kooni, ilhali nje ya Marekani haikuwa na nguvu. Lakini kila mtu aliweza kusoma RSA inavyofanya kazi, na Septemba 2000 iliachiwa umma wiki mbili kabla ya muda kuisha. Hapo deni lililipwa.

Sasa linganisheni na dawa. Humira, ya baridi yabisi na magonjwa ya aina hiyo, ilipitishwa Marekani mwisho wa 2002. Hataza yake kuu iliisha 2016. Ulaya dawa mshindani ziliingia sokoni Oktoba 2018. Marekani? Januari 2023. Kwa nini? Kwa sababu AbbVie, kampuni yenye dawa hiyo, ilikuwa imerundika hataza zaidi ya 100 juu ya dawa ileile, nyingi zikiombwa wakati wagonjwa tayari wanajidunga: namna ya kuitengeneza, kiasi cha dozi, mchanganyiko wake. Washindani walitazama rundo lile, wakakubali kusubiri.

Wengine hata kueleza hawaelezi. Kampuni ya vipimo ya Myriad ilishika hataza za jeni za BRCA1 na BRCA2, zinazohusiana na saratani ya matiti na ya ovari, hadi Mahakama ya Juu ya Marekani iliposema mwaka 2013 kwamba DNA ya asili haimilikiwi. Lakini data ya mabadiliko ya jeni waliyoikusanya kutoka kwenye damu ya wanawake waliolipia vipimo waliifungia kama siri ya biashara. Faragha ya nani hiyo? Si ya mgonjwa.

"Si upinge tu?" Haya. Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilitoa hataza ya dawa ya kuvu iliyotokana na mafuta ya mwarobaini mwaka 1994. Ikapingwa kwa ushahidi kwamba jambo hilo lilishafanyika India. Ikafutwa mwaka 2000, wenye nayo wakakata rufaa, na ikazikwa kabisa 2005. Zaidi ya miaka kumi, kwa mwarobaini! Mimi nimepewa mwezi mmoja.

Wanasheria mliomo humu, karibuni. Nataka kujua kama naweza kuwalazimisha wataje dai na kipengele kabla sijawajibu neno. Ila atakayeanza na "inategemea" simsomi.