Sileji ya matete imeoza shimoni: je, kosa ni kukosa molasesi?

Mfugaji wa Kitangari
Habari zenu wafugaji wenzangu. Ninafuga ng'ombe wawili chotara wa maziwa huku Kitangari, Newala, na kila mwaka kuanzia Julai hadi mvua za Desemba malisho huwa ya shida. Mwezi Aprili nilichimba shimo la urefu wa mita 6, upana wa mita 1.5 na kina cha mita 1.2, nikakata matete yaliyokuwa yamenipita kimo, nikayakatakata kwa panga na kuyafukia siku hiyohiyo ili yachachuke yawe sileji, yaani malisho ya akiba, juu nikaweka nailoni na udongo. Molasesi, ule uji mweusi mtamu unaobaki kiwandani baada ya kutengeneza sukari, sikutia, kwa maana hadi ifike huku bei yake haishikiki. Nilipofungua mwishoni mwa Julai nilikuta ukungu mweupe juu, na chini majani meusi yenye utelezi na harufu iliyoganda nguoni siku nzima. Ng'ombe waliyanusa wakageuka. Ninaomba kujua kama kosa ni molasesi, na kama mabibo, ambayo kwetu huozea chini ya mikorosho, yanaweza kushika nafasi yake.

Bwana Shamba Mstaafu, Masasi
Pole, mwanangu. Molasesi ingesaidia, lakini isingeliokoa shimo hilo. Harufu inayoganda nguoni ni dalili ya majani yaliyofukiwa yakiwa na maji mengi, na ukungu wa juu ni dalili ya hewa. Matete hukatwa yakiwa na urefu wa mita moja hivi, kisha huachwa yanyauke kwa nusu siku au siku nzima kabla ya kukatwa vipande vya sentimita 2 hadi 3. Chukua konzi ya vipande, ibane kwa nguvu kwa nusu dakika, halafu fungua kiganja: maji yakichuruzika, subiri, donge likifumuka polepole, anza kushindilia, likisambaratika mara moja, umechelewa. Vipande virefu vya panga havishindiliki, na matete yaliyokupita kimo yana mashina magumu yanayoficha hewa ndani hata ukanyage hadi jioni.

Jambo jingine ni kwamba umetaja nailoni ya juu pekee. Udongo wenu wa uwanda wa juu ni wa kichanga, nao hupitisha hewa na maji, kwa hiyo kuta na sakafu za shimo zinahitaji nailoni vilevile.

Kuhusu mabibo, kalenda inakukatalia: yanaiva kuanzia Septemba au Oktoba, ilhali matete unayakata Machi au Aprili. Muhogo lakini unao. Kilo 3 hadi 5 za unga wa muhogo, hata ule usiofaa kwa ugali, kwa kila kilo 100 za matete zitawapa chakula cha kutosha vijidudu vinavyochachusha majani. Ukipata mahindi ambayo punje zake zimeanza kukaza lakini bado zinatoa ute mzito ukizibonyeza kwa ukucha, hayo hayahitaji nyongeza yoyote, kwa kuwa sukari yake inatosha.

Yaliyooza usimpe ng'ombe, hasa mwenye mimba. Yapeleke kwenye mboji.

Mama Maziwa, Nachingwea
Naungana na mzee wetu, ila mimi ningeanza na ukubwa wa shimo. Ng'ombe wawili wakila kilo 20 kila mmoja, unatoa kilo 40 kwa siku. Mita moja ya ujazo iliyoshindiliwa vizuri hubeba kama kilo 500, kwa hiyo katika shimo la upana na kina ulichotaja unasogea mbele pungufu ya sentimita 5 kwa siku, na kwa joto letu hewa inakutangulia ndani. Hata ungeifanya vizuri kabisa, ingekuharibikia baada ya kufungua. Shimo ni la mwenye ng'ombe wengi.

Mimi hutumia mifuko mizito ya nailoni ya kilo 40, kila mmoja wa kulisha siku moja, nikaushindilia kwa ngumi na magoti, nikaukamua hewa na kuufunga kwa mpira wa baiskeli, kisha nikauacha kwa siku 21 au zaidi. Adui wangu ni panya, ambao mwaka wa kwanza walinitoboleza mifuko tisa. Sasa naipanga juu ya kichanja chenye miguu iliyozungushiwa bati. Na huwalisha baada ya kukamua, si kabla, ili maziwa yasishike harufu.

Mfugaji wa Kitangari
Nawashukuru sana, mzee wangu na mama. Nailoni ya juu pekee ndiyo niliyoweka, ni kweli. Mifuko 150 kwa msimu mmoja ni mzigo kwangu. Je, nikitengeneza 75 na siku nyingine nikawapa hei, yaani nyasi zilizokaushwa, ng'ombe hawatayumba?

Mama Maziwa, Nachingwea
Usiwape kwa zamu za siku. Gawa kila siku nusu kwa nusu, kilo 10 za sileji na hei ya kushibisha, maana tumbo la ng'ombe halipendi kubadilishiwa chakula ghafla. Mfuko mmoja utakutosha siku mbili. Ukitoa nusu, ukamue hewa na uufunge tena papo hapo. Nyasi za hei zikate Mei, mvua zikishaisha, kabla hazijatoa mbegu.